Tundu la Hamsini

Jumamosi saa tatu asubuhi, fundi alikuwa amefika tundu la thelathini na moja. Yalitakiwa themanini na mawili. Kila moja lilikuwa dogo, upana wa kidole, na yote yalijipanga kwenye duara aliloanza kulichora kwa bikari, kisha akaligonga nukta kwa nyundo, moja baada ya nyingine, mpaka nukta zikalizunguka duara zima. Bamba lenyewe lilikuwa na unene wa sentimita mbili na nusu, na chuma cha unene huo hakitaki pupa. Ukiharakisha mashine, ncha ya drili inaungua na kugeuka bluu, na kazi ya siku imekwisha hapo. Fundi aliiendesha polepole kabisa, akidondoshea oili kutoka kwenye kopo la maziwa, na nyuzi za chuma zilipanda zimejisokota, zikafuka moshi kidogo, zikaanguka juu ya viatu vyake.

Karakana ilikuwa chumba cha nyuma ya nyumba, zamani stoo. Kati yake na jiko palikuwa na ukuta mmoja na kidirisha ambacho dada yake mdogo alikitumia kupitishia chai na malalamiko. Kwa kuwa bamba zito haligeuzwi kwa mikono, fundi alikuwa amelikalisha juu ya habu ya gurudumu la gari kuukuu aliyoifunga mezani, nalo likazunguka kwa kusukumwa na kidole kimoja. Alijivunia sana kifaa hicho, na wageni wote walilazimika kukisifu kabla ya kukaribishwa kiti.

Jirani wa mbele, fundi wa gesi, alikuwa akimcheka. Alisema kazi hiyo ya siku mbili yeye angeimaliza kabla chai haijapoa. Ilikuwa kweli. Lakini moto wa gesi huacha ukingo wenye meno na ugumu ambao tupa haiuwezi, na fundi alikuwa mtu wa tupa. Wapo watu wa namna hiyo, na ukiwaharakisha wanakununia wiki nzima.

Alasiri alimaliza tundu la mwisho. Akachukua tindo, akavunja kuta nyembamba zilizobaki kati ya tundu na tundu, na kipande cha katikati kikashuka kwa kishindo kilichotikisa vikombe jikoni. Dada yake alikuja kumsaidia kuvuta mnyororo. Wakalinyanyua bamba, wakalisimamisha ukutani, na fundi akainama kutafuta tupa yake. Alipoinuka, kichwa cha shemeji yake kilikuwa kimetokeza katikati ya tundu, kimeishia mabegani.

"Hodi, shemeji," kilisema.

"Karibu," alijibu fundi.

"Nitakaribia wapi na mabega haya?"

Shemeji huyo alikuwa mume wa dada mtu, mpaka rangi wa kiwandani, na alikuwa amefariki miezi kumi na moja iliyopita. Dada alizunguka akachungulia nyuma ya bamba. Huko hapakuwa na shingo wala mgongo, ila tundu tupu, na kwa kupitia tundu aliiona mashine ya kaka yake na kopo la oili. Akarudi mbele. Akachovya kitambaa katika maji ya moto, akamfuta mumewe rangi ya kijivu iliyomkauka kwenye nyusi.

"Umekonda," alimwambia.

"Kule harufu ya rangi ni nyingi. Mtu hapati hamu ya kula."

Akamnywesha chai kwa kijiko. Alikunywa vikombe viwili, akaomba sukari iongezwe, kama alivyokuwa akifanya siku zote, na dada akamkaripia kama alivyokuwa akifanya siku zote. Kisha akaenda jikoni akalia, akanawa uso, akarudi.

Hapa inafaa ielezwe alivyokufa, kwa sababu fundi alikuwa na mkono wake katika jambo hilo na mwenyewe alilijua. Kiwanda kilitengeneza matangi makubwa. Kila tangi lilikuwa na mdomo mmoja wa kuingilia mtu, na bamba la mdomo huo lilitobolewa na fundi nyumbani kwake. Mchoro wa kwanza ulisema tundu liwe la sentimita hamsini. Baadaye msimamizi wa kiwanda alikuja na mchoro uleule, hamsini imekatwa kwa kalamu nyekundu, juu yake pameandikwa thelathini na tano. Mfuniko mdogo hufungwa kwa bolti chache, na tangi huondoka mapema. Fundi alilitazama lile tundu la thelathini na tano, akatazama mabega ya msimamizi, akatazama yake. Akasema litabana. Msimamizi akasema mtu akitanguliza mkono mmoja na kichwa, anapita. Fundi hakutia wala hakutoa. Akakata.

Na kweli mtu alipita, akiwa mzima. Mpaka rangi alipita mara nyingi, mkono mbele, bega moja kwanza, la pili likifuata. Siku moja mvuke wa rangi ulimzidi humo ndani, akazimia. Aliyezimia hatangulizi mkono wala hageuzi bega. Wenzake walimvuta kichwa, wakamvuta mikono, wakafika mabegani wakakwama. Ilipofika jioni walikata ubavu wa tangi kwa gesi wakamtoa, lakini wakati huo haraka ilikuwa imeshapoteza maana. Ripoti ya kiwanda ilikuwa na sentensi nne. Ya tatu ilisema: marehemu aliingia bila taabu, hivyo tundu lilitosha.

"Faili linafungwa Ijumaa," dada alimwambia mumewe, akiwa amekaa juu ya kigoda mbele ya bamba. "Nimekwenda ofisi ya uchunguzi mara sita. Wananiambia mimi sikuwepo, siwezi kujua. Wanataka mtu aliyekuwa ndani."

"Mimi nilikuwa ndani," alisema mpaka rangi.

"Ndiyo maana nakwambia."

"Basi nitoeni."

Fundi alipima kwa mkanda. Bamba lile lilikuwa na upana wa hamsini na tano tu. Kulitoboa hamsini kungeliacha pete isiyo na kazi, na Jumatatu lori la kiwanda lingelifuata. Angeweza, bila shaka, kulitoboa hivyo hivyo na liwalo na liwe. Lakini alikuwa mwoga wa msimamizi, tena mwoga wa siku nyingi, na woga wa namna hiyo hauishi kwa sababu shemeji yako ametokeza kichwa ukutani. Akaitazama meza yake ya kazi. Uso wa meza ulikuwa bamba moja la mita moja kwa mita moja, unene wa sentimita tatu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amegongea juu yake kila kitu alichokitengeneza.

"Nitakata meza," alisema.

Jumatatu lori lilikuja. Mpaka rangi alijivuta ndani kabla wapakiaji hawajaingia. "Tukutane kwenye lile kubwa," alisema, na tundu likabaki tundu. Wapakiaji walilalamika kwamba bamba lilikuwa na harufu ya rangi mbichi wakati halijapakwa. Fundi aliwasaidia kulibeba.

Walifungua uso wa meza, wakaifunga habu kwenye fremu iliyobaki, wakalikalisha bamba juu yake. Tundu la hamsini lilihitaji vitundu mia moja na kumi na vinane. Fundi alitoboa, dada akasukuma bamba kwa kidole mpaka nukta iliyofuata, akahesabu kwa sauti, fundi akatoboa tena. Cherehani ya dada, aliyewashonea watu nguo, ililala siku tatu imefunikwa shuka, na wateja waliokuja kuulizia sketi zao walijibiwa kupitia kidirishani. Waliposikia kazi ni ya kumtoa marehemu, walisema basi sketi zisubiri. Mmoja alileta mkate.

Jumatano ncha ya drili ilivunjikia ndani ya kitundu cha tisini na nne. Fundi alikaa chini, akajishika kichwa. Si kwa ajili ya ncha. Alikuwa nazo nyingine. Kwa miezi kumi na moja alikuwa amesubiri mtu amtukane na hakuna aliyemtukana. Dada yake alimpikia, akamfulia, akamwita kaka. Sasa fundi akasema, bila kumtazama:

"Mimi ndiye niliyelikata lile la kwanza."

"Najua, kaka."

"Nilijua litabana."

"Najua pia." Akainama juu ya bamba akapuliza vumbi la chuma. "Toa hicho kilichovunjika tuendelee. Bado ishirini na nne."

Alhamisi saa sita mchana kipande cha katikati kilianguka, kizito kama jiwe la kusagia, kikapasua sakafu. Walisimamisha bamba. Fundi alipitisha tupa kwenye ukingo wote, taratibu, kwa sababu hakutaka mtu akwaruzwe. Kisha wakangoja. Hawakungoja sana. Kilitoka kichwa, ikafuata mikono miwili, na mabega yakapita yote kwa pamoja, kulia na kushoto, bila kugeuzwa. Mpaka rangi akajivuta kama mtu anayevua shati lililombana, akasimama katikati ya karakana, kiatu mguu mmoja.

Dada alimkumbatia. Mwili wake ulikuwa wa baridi kama chuma kilicholala nje, na haukupata joto hata alipomshika muda mrefu. Alifurahi, na ndani ya furaha hiyo alikuwa na hofu, na hakuweza kuvitenganisha. Mpaka rangi aliomba maji, akanywa jagi zima. Akazunguka nyumba akigusa vitu. Akaikuta habu ya gari, akaizungusha kwa kidole, akaisifu. Fundi akampa kiti.

Ijumaa walivaa nguo safi wakaenda wote watatu. Ofisi ya uchunguzi ilikuwa chumba cha ghorofa ya pili chenye feni moja na viti vitatu, hivyo msimamizi wa kiwanda, aliyekwisha kuwahi, ilibidi asimame. Hakumshangaa mpaka rangi. Alimpa mkono, akauondoa haraka kwa sababu ya baridi, akausugua kwenye suruali. Ofisa alikuwa mtu mzima mpole, mwenye mihuri mitano na mafua.

"Marehemu ni nani kati yenu?" aliuliza.

"Ni mimi," alisema mpaka rangi.

"Pole sana. Uliingia ndani ya tangi?"

"Niliingia."

"Kupitia tundu lile la thelathini na tano?"

"Ndiyo, mzee, lakini..."

"Nakuja kwenye lakini." Ofisa aliandika, akapenga kamasi, akaendelea. "Na sasa hivi uko ndani ya tangi au nje?"

"Niko hapa."

"Kwa hiyo umetoka."

"Nimetoka, lakini nimetoka kwa..."

"Umetoka," alisema ofisa, akaandika.

Msimamizi alikohoa kidogo. Alisema kwa adabu kwamba kiwanda kimekuwa kikisema hivyo tangu mwanzo.

Dada alitoa daftari lake la vipimo kwenye mkoba. Akalifungua mbele ya ofisa, ukurasa wenye jina la mumewe, mashati saba ya miaka saba. Bega hadi bega, arobaini na saba. Miaka yote arobaini na saba. Alisema: "Mtu wa arobaini na saba hatolewi kwenye thelathini na tano akiwa amelala. Alitokea kwenye tundu la hamsini. Kaka yangu amelikata nyumbani, kwenye meza yake. Njooni mkalione."

Ofisa alilisoma daftari kwa makini, hata akasifu mwandiko. Kisha akasema tundu la nyumbani si la kiwanda, na faili hili ni la kiwanda.

Hapo fundi alisimama. Alikuwa hajapanga kusimama. Alisema mchoro ulitaka hamsini, kwamba yeye ndiye aliyekata thelathini na tano, kwamba alijua. Alisema yote, mpaka kalamu nyekundu. Kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima alijisikia mwepesi.

"Ulikata kama ulivyoagizwa?" aliuliza ofisa.

"Ndiyo."

"Kwa kipimo ulichopewa? Halikuzidi, halikupungua?"

"Halikupungua hata unywele."

"Basi huna kosa, fundi. Kazi nzuri." Akamwonyesha kiti kwa kalamu. Fundi akakaa, na ule uzito ukamrudia wote, na nyongeza.

Ofisa alisoma kwa sauti alichokiandika: marehemu amehojiwa ana kwa ana, amethibitisha kwamba aliingia na kwamba ametoka, tundu linatosha. Akapiga mihuri miwili. Mpaka rangi aliuliza kama, kwa hali hiyo, yeye sasa anahesabika marehemu au siyo. Ofisa alimwambia hilo ni dirisha la pili, chini, na Ijumaa linafungwa saa sita. Ilikuwa saa sita na dakika tano.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Mpaka rangi alikaa. Hakukuwa na pa kumpeleka, na hakuna aliyetaka kumpeleka popote. Alilala kitandani kwake upande wa ukutani, na dada alijifunza kulala na blanketi mbili. Mchana alipaka rangi milango ya nyumba, ya majirani pia, bila kufungua madirisha, kwa sababu mvuke haukumdhuru tena. Wateja wa dada walimsalimia, wakamwambia amenawiri. Wengine waliomba awaonyeshe tundu. Aliwaonyesha, wakatingisha vichwa, wakasema kumbe inawezekana mtu kutoka.

Msimamizi alileta oda mpya Jumanne, mabamba kumi, thelathini na tano. Fundi aliyasimamisha malori mlangoni na kusema hapana. Msimamizi hakugombana naye. Alivuka barabara, na mabamba yakashushwa kwa fundi wa gesi.

Kesho yake kabla ya saa nne jirani alikuja amevaa miwani yake myeusi juu ya kipaji. Alisita kwenye kizingiti, jambo lisilokuwa kawaida yake.

"Jirani," alisema, "kwako wewe walikuwa wanaongea?"

"Wanasema nini?"

"Ni mmoja tu. Anauliza leo tarehe ngapi."

Walivuka wote, fundi, dada na mpaka rangi. Mabamba kumi yalikuwa yamesimama uani, kingo zake bado nyekundu. Katika la nne palikuwa na kichwa cha mtu wa makamo, ndevu zimekatwa vizuri, rangi ya kijivu kwenye nyusi. Mpaka rangi alimtambua. Alikuwa mchomeleaji wa zamu ya mchana, baba wa watoto wawili, na mpaka rangi alikuwa amepishana naye barabarani jana yake tu, akiwa kwenye baiskeli, mzima wa afya.

"Tarehe ngapi?" kiliuliza kichwa.

Dada akakitajia.

Kilifikiri kidogo. "Basi bado," kilisema, kikajivuta ndani.

Fundi wa gesi aliuliza kama anaweza kuwaita watu wa lori. Hakuna aliyemjibu, hivyo akawaita.

Mpaka rangi alikwenda mbio hadi kiwandani. Alifika zamu ya mchana inapanga mstari getini, watu themanini na zaidi, kila mmoja na kofia yake. Wengi walimsalimia kwa furaha, wakamgonga mgongoni, wakatoa mikono haraka. Mchomeleaji alikuwa karibu na mwisho, anamalizia andazi. Mpaka rangi alimvuta pembeni. Alimweleza kila kitu, bila kuficha: tundu, kichwa, tarehe, yale maneno mawili. Akamwambia asiingie ndani ya matangi yale mapya. Akamwambia arudi nyumbani, leo, sasa hivi. Alimshika mkono, na alipouona unaganda kwa baridi hakuuachia.

Mchomeleaji alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa heshima, na siku ya mazishi alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

"Nimekusikia, ndugu yangu," alisema. "Lakini mbona wewe umetoka?"

King'ora kililia. Mchomeleaji akapangusa makombo kwenye ndevu, akamwachia tabasamu la kumtoa wasiwasi, akaingia na wenzake.